MIZANI NAYO IPIMWE
Mazungumzo na watu wa vijiji juu ya kujaribu vyombo na mashine

  

Leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo moja tu: namna ya kujaribu chombo kabla ya kukiamini. Chombo gani? Mizani ya mnunuzi wa mahindi. Pompi ya kumwagia dawa. Mashine ya kusaga. Kinga yako inayobeba makala mpaka mjini. Vyombo hivi vyote vinatusaidia, wala hatusemi mviogope. Lakini chombo hakina kinywa cha kusema, "Mimi ni mgonjwa," wala, "Mimi ni mwongo." Mtu mwenye akili hukiuliza kwanza, na njia ya kukiuliza ni kukijaribu.

1. Hesabu ya mfuko uliopotea

Fikirini mtu mmoja wa kijiji. Mvua za kwanza zilipoanguka, alipanda mahindi. Akapalilia mara mbili. Akafukuza nguruwe wa porini usiku. Mwezi wa tano amevuna, amekausha, amepukuchua, amejaza mifuko 10 ya kilo 100. Lori la mnunuzi linafika. Mizani inatundikwa kwenye mti. Basi, kazi ya miezi sita inahukumiwa kwa dakika mbili na sindano ndogo ya chuma.

Kama sindano ile inaficha kilo 2 katika kila kilo 20, mambo yatakuwa namna gani? Hesabuni pamoja nami. Katika mfuko mmoja wa kilo 100, kilo 10 zimefichwa. Katika mifuko 10, kilo 100 zimefichwa. Ni mfuko mzima! Mtu amebeba mifuko 10 mpaka kwenye mti, amelipwa mifuko 9. Nyumba inayokula kilo 2 za mahindi kwa siku ingekula mfuko ule siku 50. Ninyi wenyewe mnajua siku 50 ni nini katika mwezi wa kwanza na wa pili, wakati ghala ni tupu na mahindi mapya bado ni majani.

Hakuna mtu aliyevunja mlango. Hakuna aliyeingia ghalani usiku. Mwenye mali alisimama pale pale na macho yake wazi, na mali ikaondoka.

Tena fahamuni vizuri: si kila mizani mbaya ina mwizi nyuma yake. Mizani ya kutundika ina springi ndani yake. Springi inachoka. Inashika kutu. Vumbi la barabara linaingia. Lori linaruka katika mashimo, na mizani inagongana na vyuma siku nzima. Mnunuzi mwenyewe anaweza kuwa mtu mwema asiyejua kama mizani yake inamdanganya yeye pia. Kwa sababu hii, kujaribu mizani si tusi. Ni desturi ya watu wanaotaka kupatana.

2. Shahidi asiyesema uongo

Sasa mtauliza: "Tutajuaje kama mizani ni mwongo? Sisi hatuna mizani nyingine."

Jibu ni hili: chombo kinajaribiwa kwa kitu ambacho uzito wake au kipimo chake unakijua tayari. Ukiweka juu ya mizani mfuko usioujua, mizani itakuambia neno lake, nawe utaitikia tu. Lakini ukiweka kitu unachokijua, wewe ndiwe mwalimu, na mizani ndiyo mwanafunzi anayejibu.

Na ni kitu gani ambacho kila kijiji kinakijua? Ni maji. Litri 1 ya maji safi ina uzito wa kilo 1. Ni hivyo Kolwezi, ni hivyo Kasenga, ni hivyo Ulaya. Haikutokea bure. Wafaransa walipotunga vipimo vipya mwaka 1795, walichukua maji kuwa msingi wa uzito. Kilo ilizaliwa katika maji.

Baadaye, mwaka 1889, mataifa yalipatana juu ya kilo moja ya madini ya thamani, platini iliyochanganywa na iridiamu. Waliiweka Sèvres, karibu na Paris, chini ya vifuniko vya kioo. Ikawa mama wa kilo zote za dunia, na nchi zilipewa watoto wake. Je, watu wakaiamini tu bila kuitazama? Hapana. Waliitoa mara chache, wakailinganisha na watoto wake. Baada ya miaka 100 hivi waliona tofauti, ndogo kama uzito wa chembe ndogo ya mchanga. Hata tofauti ile hawakuiacha. Mwaka 2019 wataalamu waliacha kutegemea chuma kile, wakaweka kilo juu ya sheria za maumbile zisizochakaa.

Sikilizeni neno hili basi. Ikiwa kilo iliyo mama wa kilo zote ilipimwa, mizani iliyotundikwa kwenye mwembe wa kijiji chenu ni nani hata isipimwe?

3. Namna ya kujaribu mizani

Tafuteni bidoni tatu za plastiki. Ziwe safi. Bidoni iliyochukua asidi ya kiwanda au dawa ya shamba msiiguse kwa kazi hii, wala msiirudishe kisimani hata siku moja. Tena tafuteni chupa moja ya maji ya dukani, iliyoandikwa litri 1 na nusu.

Msijaze bidoni mpaka mdomoni na kusema, "Ni litri 20." Bidoni nyingi zinazoitwa za litri 20 zinapokea zaidi zikijazwa mpaka juu. Pimeni kwa chupa. Ijazeni chupa mpaka pale maji yalipofika ilipokuwa mpya, imwageni ndani ya bidoni, na mtu mmoja ahesabu kwa sauti. Chupa 12 za litri 1 na nusu ni litri 18. Basi maji ya bidoni ile ni kilo 18.

Sasa fanyeni hivi:

Kwanza, tazameni mizani ikiwa tupu. Sindano iwe juu ya 0. Kama ni mizani ya umeme, isomeke 0. Sindano ikilala chini ya 0 kabla ya mfuko kupanda, mfuko wa kwanza umekwisha kuibiwa kabla haujapimwa.

Pili, tundikeni bidoni tupu. Andikeni neno la mizani. Labda itasema kilo 1.

Tatu, tundikeni bidoni yenye chupa 12 za maji. Andikeni tena. Toeni uzito wa bidoni tupu. Kama mizani ilisema 1, kisha ikasema 19, inabaki 18: mizani imesema kweli. Kama ilisema 1, kisha ikasema 17, inabaki 16: kilo 2 zimefichwa. Tofauti ya nusu kilo yaweza kutoka kwenye chupa au kwenye macho ya msomaji. Tofauti ya kilo nzima haitoki kwenye macho.

Nne, ongezeni bidoni ya pili, kisha ya tatu. Sababu yake ni nini? Kuna mizani inayosema kweli juu ya mzigo mdogo na uongo juu ya mzigo mkubwa. Ninyi hamuuzishi bidoni moja ya mahindi, mnauzisha mifuko. Ijaribuni karibu na uzito wa mfuko.

Tano, shusheni vyote, mpandishe tena. Fanyeni mara tatu. Mizani njema hujibu neno moja mara zote tatu. Ile inayosema 54 leo asubuhi, kisha 52, kisha 55, haifai kitu, hata kama mara moja ilipata kweli.

Sita, mzigo ukiisha kushuka, tazameni kama sindano imerudi kwenye 0.

Kama mizani ni ile ya chini, ambayo mfuko unawekwa juu yake, iwekeni mahali palipo sawasawa, si juu ya majani wala udongo laini. Kisha wekeni bidoni katikati, halafu katika kila pembe. Neno liwe moja mahali pote. Mpimaji asiweke mguu wake juu ya ubao, na mfuko usiegemee ukuta wala mguu wa mtu.

Kama ni mizani ya umeme, angalieni kibonyezo cha kurudisha 0. Kinafaa kwa kuondoa uzito wa chombo. Lakini mtu akikibonyeza wakati kitu kizito kipo juu ya mizani, uzito ule unasahauliwa. Kwa hiyo kabla ya kila mfuko, mtoto mmoja mwenye macho mazuri asome kwa sauti: "Zero!" Ndipo mfuko upande.

4. Jiwe la kijiji

Kubeba maji kila siku ya soko ni kazi. Kuna njia ya kupunguza kazi hii.

Chagueni jiwe moja gumu na zito, lisilonywa maji wala kumomonyoka. Au chagueni kipande cha chuma, mkipake rangi kisishike kutu. Kipelekeni kikapimwe mahali pawili panapoaminika, kwa mfano kwenye kituo cha afya na kwenye koperative. Kama mizani zote mbili zimesema neno moja, liandikeni kwa rangi juu ya jiwe: KILO 23, au neno lolote lililopatikana. Kisha lijaribuni kwa maji hapo kijijini. Mashahidi watatu wakipatana, mmepata jiwe la kijiji.

Liwekeni katika nyumba kavu ya mtu mnayemwamini. Watoto wasiligonge, maana kipande kikitoka, uzito nao umetoka. Kila mwaka kabla ya mavuno, lipimeni tena kwa maji.

Siku ya lori, jiwe linatoka kwanza. Linapanda mizani mbele ya watu wote, mbele ya mnunuzi, kabla ya mfuko wa kwanza. Linapanda tena katikati ya kazi. Linapanda mara ya mwisho kabla ya feza kuhesabiwa. Mahali penye desturi kama hii, mizani nyingi hupona zenyewe bila fundi.

5. Maulizo na majibu

Mtu mmoja anauliza: "Mnunuzi akikasirika, akasema atapeleka lori lake kijiji kingine?"

Jibu: Mtu mmoja akiuliza peke yake, ataambiwa maneno hayo. Kijiji kizima kikiuliza, hasa vijiji vitatu vya njia moja vikiwa na desturi moja, lori halina mahali pa kukimbilia. Tena semeni naye kwa heshima: "Bwana, sisi hatukushitaki. Hapa kila mizani inasalimia jiwe kwanza. Ni desturi yetu." Mnunuzi mwenye mizani njema hapotezi kitu. Anapata jina zuri, na mwaka ujao watu watamngoja yeye.

Mwingine anauliza: "Tukiona mizani inaficha kilo 2, tuivunje?"

Jibu: Hapana. Kuvunja mali ya mtu kunaleta matata na kunaficha ushuhuda. Andikeni siku, jiwe lilikuwa kilo ngapi, mizani ilisema ngapi. Mwandike majina ya walioona. Mnaweza kupatana na mnunuzi pale pale kuongeza kilo zinazokosekana katika kila mfuko. Au mnaweza kukataa kupima mpaka alete mizani nyingine. Nchi yetu ina ofisi ya serikali inayoitwa OCC, iliyoundwa mwaka 1974, na kazi yake moja ni kukagua vipimo. Karatasi yenye hesabu na majina inasikilizwa kuliko makelele.

Mama mmoja anauliza: "Mimi siuzishi kwa kilo. Nauzisha kwa meka, sokoni."

Jibu: Meka nayo ni chombo. Geuza meka, tazama kitako chake. Kitako kilichogongwa kuelekea nje kinakula mahindi ya muuzishaji. Kilichogongwa kuelekea ndani kinakula feza ya mnunuzi. Chukua chupa ile ile ya maji, ijaze meka, uhesabu inapokea maji kiasi gani. Wamama wa soko moja wakijaza meka zao zote kwa maji siku moja, wataona kwa macho ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Mwisho wa matata.

6. Kwa vijana wa mgodini

Ninyi mnaochimba kwa mkono mnajua vizuri habari ya mizani. Maneno yote tuliyoyasema juu ya mfuko wa mahindi ni yale yale juu ya mfuko wa madini. Jiwe la kijiji linaweza kwenda nanyi mpaka kwenye depo.

Lakini kwenu kuna chombo cha pili. Ni kile cha mkono, kama bastola, ambacho watu wengi wa Kolwezi wanakiita Metorex. Kinatoa mwali usioonekana, kisha kinasoma asilimia ya shaba na kobalti. Bei yenu ni uzito pamoja na asilimia. Basi chombo hiki kinaweza kula feza kama mizani.

Jueni mambo matatu juu yake. Kwanza, kinasoma ngozi ya juu tu, hakioni ndani ya mfuko. Konzi moja iliyotolewa juu ya mfuko haisemi habari ya mfuko wote. Chukueni kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini. Sageni, changanyeni vizuri, ndipo kisomwe. Pili, madini yenye maji yanasomeka asilimia ya chini kuliko yalivyo yakikauka. Kausheni kabla ya kwenda. Tatu, dai lile lile la mizani linafaa hapa: konzi ile ile isomwe mara tatu, na majibu yakaribiane.

Mkitaka shahidi, gawanyeni konzi iliyochanganywa vizuri mara mbili. Moja isomwe depo hii, nyingine depo ile. Na mnaweza kutunza kichupa kimoja cha madini makavu yaliyosagwa, ambayo yamekwisha kupimwa katika maabara. Mkifika kwa mnunuzi yeyote, kichupa kile kisomwe kwanza. Ni jiwe la kijiji la asilimia.

7. Pompi ya dawa

Sasa turudi shambani. Tangu viwavijeshi wageni wa bara la Amerika walipoonekana Afrika mwaka 2016, watu wengi wamenunua pompi ya mgongoni. Wengi wanaijaza dawa siku ile ile waliyoitoa dukani. Si vizuri. Pompi ijaribiwe kwa maji matupu kwanza. Pompi inayovuja maji inalowesha mgongo tu. Pompi inayovuja dawa inaingiza sumu katika ngozi.

Ijaze maji. Pampu. Ivae mgongoni, utembee nayo kama unafanya kazi. Kisha ivue, uguse kifuniko, mpira, mkono wa kushikia na kitako chake. Mahali palipo na maji, hapo fundi aanze. Tazama maji yanavyotoka mdomoni mwa pompi. Yatoke kama ukungu ulio sawa pande zote, si kama mkojo wa mbuzi. Tundu likiziba, lisafishe kwa kijiti laini cha nyasi. Usilipulize kwa kinywa chako kamwe.

Halafu ujaribu mwendo wako mwenyewe, maana wewe nawe ni sehemu ya chombo. Pima mahali pa hatua ndefu 10 kwa 10, kila hatua ikiwa mita 1. Hapo ni mita 100 za mraba. Tia maji yaliyopimwa katika pompi. Mwagia mahali pale kwa mwendo wako wa kila siku. Kisha pima maji yaliyobaki.

Tuseme umetumia litri 3. Hektari 1 ni mahali 100 kama pale, kwa hiyo utatumia litri 300. Pompi yako ni ya litri 15. Gawa 300 kwa 15: ni pompi 20 kwa hektari. Kama karatasi ya dawa inasema litri 1 ya dawa kwa hektari, ni mililitri 1000. Gawa kwa 20. Kila pompi inapokea mililitri 50 za dawa, si kifuniko kwa makadirio, si kwa kunusa. Ukizidisha, unaunguza feza yako na afya yako. Ukipunguza, mdudu anaamka kesho yake anaendelea kula.

Mwendo wa ndugu yako si mwendo wako. Kila mtu ajipime.

8. Mashine ya kusaga

Wamama wengi wameweka feza pamoja ili wanunue mashine ya kusaga. Ni kazi njema. Lakini msilipe kwa sababu rangi yake inang'aa, wala kwa sababu muuzishaji aliiwasha dakika tano ikanguruma.

Nendeni na mahindi yenu makavu, kilo 20 zilizopimwa. Ombeni mashine iwashwe muda wa saa nzima. Mashine mbovu inaweza kuvumilia dakika tano. Saa nzima inaichosha, na inasema kweli. Je, moto wake unapanda kupita kiasi? Je, nati zinalegea? Je, mkanda unakimbia pembeni?

Unga wa kwanza wa mashine mpya utupeni, maana una mafuta na vumbi la chuma la kiwandani. Kisha sageni kilo 20 zenu, mpime unga. Kidogo kitapotea kwa vumbi. Lakini kilo 2 zikikosekana, ulizeni zimelala wapi.

Halafu tafuteni sumaku. Imo nyuma ya spika ya redio iliyokufa. Ifungeni katika mfuko mwembamba wa plastiki, muipitishe polepole ndani ya unga. Itoeni. Mkiona nywele nyeusi zimeshika plastiki, ni chuma. Vyuma vya ndani vinasagana vyenyewe, na watoto wenu watakula chuma katika bukari. Msilipe mpaka kirekebishwe. Na mashine mliyo nayo tayari, ipitishieni sumaku kila juma.

Mwisho, tazameni mkanda unaozunguka. Uwe na kifuniko cha chuma. Kitambaa cha mama kikivutwa na mkanda, mashine haijui kusamehe.

9. Hata watu wa ndege

Labda mtu mmoja atasema moyoni: "Mambo haya ni ya watu wasiojua mashine. Mimi ni fundi, sina haja ya kujaribu kila siku." Tumwambie habari ya fundi mkubwa kuliko yeye.

Mwaka 1935, tarehe 30 ya mwezi wa kumi, ndege mpya ya kampuni ya Boeing ilikuwa inajaribiwa na jeshi la Marekani karibu na mji wa Dayton. Ilikuwa ndege kubwa ya injini 4. Rubani, Ployer Hill, alikuwa mtu hodari wa kazi ile. Ndege ikakimbia, ikaruka, ikapanda kwa ukali kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Hill akafa, na Leslie Tower, rubani wa kampuni, akafa baadaye kwa majeraha yake.

Walipochunguza, waliona injini zilikuwa nzuri. Ndege haikuwa mbovu. Ndege ikisimama chini, vibao vyake vya kuiongoza vinafungwa kwa kufuli ili upepo usivichezeshe. Siku ile kufuli halikufunguliwa. Neno dogo tu, ambalo kila mmoja wao alilijua.

Marubani hawakusema, "Tutafute watu wenye akili zaidi." Waliandika karatasi fupi ya mambo ya kutazama kabla ya kuruka, moja moja, kila safari. Desturi ile imebaki mpaka leo. Rubani wa miaka 30 bado anasoma karatasi, kama mtoto wa shule.

Nanyi fanyeni hivyo. Juu ya mlango wa nyumba ya mashine ya kusaga, andikeni: MAFUTA. MAJI. MKANDA. KIFUNIKO. NATI. SUMAKU. Kila asubuhi mtu asome kwa sauti kabla ya kuwasha.

Na wewe mwenye kinga, ndege yako ni ile. Unapakia mifuko ya makala juu kuliko kichwa chako, unakwenda Likasi au Lubumbashi. Mzigo mkubwa katika mteremko unasukuma kama lori. Kabla ya kutoka, shika breki mahali tambarare, mzigo ukiwa juu. Kisha shika tena katika mteremko mdogo. Kinga isiyosimama mbele ya nyumba yako haitasimama mbele ya lori la mgodi.

10. Maneno ya kukumbuka

Ndugu wa vijiji, tumesema mengi, lakini mzizi wake ni mmoja. Shikeni maneno manne haya:

Jaribu kabla ya kulipa au kulipwa, si baada yake.

Jaribu kwa kitu unachokijua: maji, jiwe la kijiji, chupa, sumaku.

Jaribu mara tatu, na karibu na mzigo wa kweli.

Jaribu mbele ya watu, na kuandika. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Msingoje lori lifike. Jumapili hii, kabla ya jua kuzama, watu wachache watafute bidoni safi na chupa ya litri 1 na nusu, waombe mizani yoyote iliyo karibu, hata ya duka, wafanye jaribio mara moja ili mikono izoee. Wengine watafute jiwe. Siku ya mavuno ikifika, jiwe liwe tayari nyumbani, na jina lake limekwisha kuandikwa juu yake.

Bakini vizuri. Mvua ije kwa wakati wake, na mifuko mtakayopandisha juu ya mizani iwe ndiyo hiyo mtakayolipwa.